Chazo Chini ya Gari la Barafu

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, Badi Mbaraka aliingia yadi ya kampuni ya barafu mjini Kismayo akakuta magari yote ishirini na mawili yameinuliwa kwa jeki upande mmoja. Fundi alikuwa akitoka gari hadi gari akikokota pipa la buluu lenye maji ya chumvi. Kila alipofika alitia mkono ndani ya pipa, akatoa chazo mmoja aliyefungwa mshipi mkiani, akalala chali chini ya gari na kumgusisha kichwa kwenye chuma, karibu na tangi la mafuta. Chazo akanata. Fundi aliuvuta mshipi mara mbili kujaribu, akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaliendea gari la pili.

Chazo ni samaki mwembamba, urefu wake kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na juu ya kichwa ana kitu kama soli ya kiatu. Kwa soli hiyo hunata kwenye papa, kwenye kasa, hata kwenye ubavu wa mashua. Wazee wa kisiwa cha Chula walimfunga mshipi mkiani na kumwachia baharini. Akimwona kasa humng'ang'ania, na mvuvi huufuata mshipi mpaka alipo kasa. Wenye kampuni walilifikiri jambo hili, wakaona kinachomfaa kasa kinamfaa na dereva.

Mishipi yote ishirini na miwili iliingia ofisini kwa tundu moja la ukutani, kila mmoja ukazungushwa kwenye kigogo chake chenye nambari. Meneja alisimama kwenye ngazi akasoma tangazo. Kuanzia leo kampuni itajua kila gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, limesimama dakika ngapi, na linalosemwa ndani yake. Yote ni kwa usalama wa madereva wenyewe. Kuna swali?

"Na tukienda chooni?" aliuliza Abdisalam, dereva wa gari namba tisa.

"Hapo ndipo muda unapopotea," alijibu meneja.

Madereva wakacheka. Badi hakucheka.

Gari lake lilikuwa namba saba. Kila asubuhi alipeleka barafu na samaki Gobwen, na kila asubuhi, kabla ya kurudi, alisimama dakika kumi na moja nyuma ya kisima, penye nyumba ya mabati. Humo alikaa dada yake Hafswa na binti yake Sabah wa miaka minne. Badi aliwashushia maji, unga na samaki, akawajulia hali, akaenda zake. Hafswa hakuweza kwenda kisimani mwenyewe, maana kisima ni cha watu wote na watu wote wana midomo.

Alikuwa amemkimbia mumewe, Mukhtari, mwezi wa Ramadhani, mkono wake umefungwa kwa kanga. Ilikuwa mara ya pili kuvunjwa mkono ule ule. Wazee walikaa wakanywa chai, wakamwambia subira ni nusu ya imani, arudi nyumbani. Hafswa aliwajibu kwa adabu kwamba mikono anayo miwili tu. Hakurudi. Shauri lake lilikuwa kwa kadhi na siku ya kusikilizwa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mukhtari, kwa upande wake, alisema barazani mbele ya watu kwamba akimpata kabla ya siku hiyo atamrudisha hata kwa kamba, na mtoto hatamwona tena.

Basi aliyewekwa ofisini kushika mishipi alikuwa Mukhtari.

Haikuwa hila. Mishipi ilitaka vidole vinavyojua, na vidole vya namna hiyo vimebaki vichache. Mukhtari alikuwa amevua kasa miaka sita katika mashua ya marehemu Mbaraka, baba yake Badi na Hafswa. Humo ndimo alimojifunza kuushika mshipi kwa gumba na kidole cha shahada, akafumba macho na kusema: amenata, anakula, amelala, ameshtuka. Mbaraka alimsifu sana kwa mikono yake. Ndiyo sababu alimpa binti.

Siku ile Badi alipita Gobwen bila kusimama. Kwenye kioo alimwona Sabah amesimama mlangoni ameshika jagi tupu. Jumapili alipita tena. Jumatatu alikwenda Mwanasiti, mama yao, kwa bajaj ya kukodi, na ndoo mbili za maji miguuni. Lakini Bi Mwanasiti ana watu wanaomjua kila mahali, na njiani alisalimiwa na watu kumi na wanne. Ikaonekana hilo halitafaa kurudiwa.

Mji ulikwisha kuizoea mishipi. Ilipita barabarani usawa wa kifundo cha mguu, kutoka mtaa wa Alanley hadi uwanja wa ndege, na serikali ya mji ilitoa amri kila mtu ainue mguu. Mbuzi walijifunza siku ya kwanza. Wanawake wa Majengo waliianikia nguo, nguo zikaondoka na magari, zikarudi jioni zimekauka vizuri. Mshipi mmoja ulikatiza ua wa msikiti, na imamu akasema ni makruhu kuukanyaga kwa kandambili.

Abdisalam aliukata wake kwa kisu cha samaki. Kufika alasiri ulikuwa umeota kutoka pande zote mbili na kujifunga wenyewe fundo la kivuvi. Aliitwa ofisini. Mukhtari alimtajia mahali alipoukatia, akamwambia kisu chake ni butu, akamsomea kutoka daftarini neno alilolisema wakati wa kukata.

"Hilo neno sikulisema," alisema Abdisalam.

"Ulilisema mara mbili."

"La pili lilikuwa la kikohozi."

Meneja alimwondolea mapumziko ya Ijumaa. Kisha alimuuliza kwa upole: kama huna la kuficha, waogopa nini? Abdisalam alifikiri siku nzima na hakupata jibu. Jambo hilo lilimuuma kuliko Ijumaa yake.

Jumatano asubuhi Badi alilala chini ya gari yadini, akamshika chazo mkia kwa mikono miwili na kumvuta kwa nguvu zote. Chazo akanata zaidi. Chuma kikalia.

"Shemeji," ilisema sauti dirishani. Ni Mukhtari, na mshipi namba saba ulikuwa vidoleni mwake. "Usimvute mkia. Hapendi."

Badi alitoka chini ya gari amejaa vumbi.

"Mbona Gobwen husimami?" Mukhtari aliuliza. "Mwanadamu huchoka. Simama upumzike."

"Sijachoka."

"Wewe hujachoka, lakini gari lako lina hofu. Kila likipita kile kisima mshipi unatetemeka. Nimeushika siku nne, na siku nne umetetemeka pale pale." Aliushika kidogo zaidi, kama mtu anayepima nguo dukani. "Hata sasa unatetemeka. Ijumaa sina kazi. Nitakwenda nikakiangalie kisima hicho kina nini."

Badi alipeleka barafu yake Gobwen na kurudi. Alasiri ile aliliweka gari mbele ya nyumba ya mama yake, Majengo, akaingia ndani. Bi Mwanasiti alikuwa amekaa kwenye mkeka akisuka ukili. Badi akachutama karibu naye na kuanza kunong'ona.

"Wanong'ona nini?" mama yake alisema kwa lafudhi ya visiwani, ambako mtu huitwa mchu. "Chazo yuko nje. Sema kama mchu."

Badi akamweleza yote: kisima, kutetemeka, Ijumaa. Mama yake alisuka hadi akafika mwisho wa ukindu mmoja, akachukua mwingine.

"Umemvuta mkia?"

"Nimemvuta."

"Baba yako naye alikuwa akimvuta mkia. Wanaume nyote." Akaweka ukili chini. "Mchu akikushika kwa nyuma, nawe ukamvuta kwa nyuma, atafanya nini? Atakushika vizuri."

Kwao Chula, mashua ya kasa ilipofika maji ya kiunoni, kazi ya wanaume ilikuwa imekwisha. Waliushika mshipi, wakamleta kasa mpaka pale. Kumbandua chazo ilikuwa kazi ya wanawake, kwa sababu chazo akiumia mara moja hafanyi kazi tena, na mikono ya wanaume haikuaminiwa. Wanawake waliingia majini wamepandisha nguo na kuzifunga kiunoni. Kwa hivyo wanaume, kwa heshima, waligeuza nyuso upande wa bahari wakawapa mgongo mpaka waambiwe tayari. Mbaraka aligeuka miaka thelathini. Mukhtari aligeuka miaka sita. Alikuwa kijana mwenye adabu nje ya nyumba. Basi hakuna mwanamume wa Chula, hai au maiti, aliyepata kuona jinsi chazo anavyobanduliwa.

Bi Mwanasiti alitia udhu. Aliomba ndoo ya maji ya bahari, akalowesha mkono, akatandika jamvi chini ya gari na kulala chali, na miaka yake sitini na tatu. Mshipi aliushika kwa vidole vya mguu ili usilegee wala usikaze. Kisha akamsalimu.

"Asalamu alaikum, bwana mdogo," alimwambia. "Pole na kazi. Wamekunatisha kwenye chuma, na chuma hakina ukoko wala damu. Bismillahi."

Akamwekea kiganja nyuma ya soli, akamsukuma mbele. Hakuvuta, hakugeuza. Alimsukuma mbele tu, kule kichwa kilikoelekea, kama anayemsindikiza mgeni mlangoni. Chazo akaachia kama mtoto anavyoachia titi. Bi Mwanasiti alimtia ndooni, akafunika kwa kawa, akasema aliye njiani apishe.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Badi.

"Ulitaka ngoma?"

Alijitwika ndoo akashuka pwani kwa miguu, mshipi ukimfuata nyuma. Kwa kuwa chazo husikia, na yeye hakutaka kusema la dunia, alikwenda akileta uradi kwa sauti ndogo. Ofisini Mukhtari aliandika: gari namba saba, kutoka Majengo kwenda pwani, mwendo wa miguu ya mtu mzima. Chini yake akaandika subhanallah kurasa mbili na nusu, kwani kazi yake ilikuwa kuandika linalosemwa. Mwandishi wa meza ya pili alisema baadaye kwamba hakupata kumwona Mukhtari akimtaja Mola kiasi kile kwa mkupuo mmoja.

Bi Mwanasiti aliingia majini mpaka kiunoni, akainamisha ndoo. Chazo akazunguka mara moja mguuni pake, kisha akaenda. Nje ya mdomo wa bandari kulikuwa na kasa mkubwa wa kike anapita. Akamnata.

Saa kumi na moja na dakika tano Mukhtari alisema, "Gari namba saba limeingia baharini."

"Mshipi umekatika?" meneja aliuliza.

"Haujakatika. Amenata barabara. Gari linakwenda kusini."

"Basi andika."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na tangazo jipya getini: ni marufuku kuingiza gari la kampuni baharini bila ruhusa ya maandishi. Badi aliitwa. Gari lake lilikuwa nje, mbele ya dirisha la ofisi, likipakiwa barafu, na maji yanadondoka.

"Jana uliingia baharini," alisema meneja.

"Mshipi unasema hivyo?"

"Unasema hivyo."

"Basi nitajitahidi kupunguza."

Meneja alimwonya juu ya chumvi, kwamba inakula chuma, akamwachia. Fundi akapita, kama kila asubuhi, na kumwaga maji ya bahari chini ya magari yote ili chazo wasikauke, na chini ya namba saba pia. Hakuinama kuangalia. Kazi yake ilikuwa kumwaga.

Siku ile Badi alisimama nyuma ya kisima, si dakika kumi na moja, bali saa nzima. Alishusha maji, akashusha unga, kisha akawafungulia mlango wa gari. Hafswa alikaa kiti cha mbele na kupandisha kioo, Sabah akakaa kwenye usukani. Hafswa alikuwa na maneno ya tangu Ramadhani. Akayasema yote. Alimtaja Mukhtari kwa jina lake na jina la mama yake, alilia, kisha alieleza jinsi Sabah alivyompa kuku majina ya wazee wa baraza, akacheka hadi akashika mbavu. Maneno hayo yalijaa ndani ya gari na hayakutoka. Kioo kilipata ukungu.

"Mjomba, twaenda wapi?" Sabah aliuliza, akizungusha usukani.

"Popote," alisema Badi. "Leo popote."

Ijumaa Mukhtari hakwenda kisimani. Mshipi ulikuwa umepita kisiwa cha Fuma, ukafika Koyama, na hakuna haja ya kwenda Gobwen kutafuta gari lililo Koyama. Jumapili ulifika Chula ukasimama, ukawa unatetemeka. Kasa yule alikuwa akila majani ya bahari na mkondo ulikuwa mkali.

"Hapo ndipo," alisema Mukhtari. "Kwao mama yake. Nimekuwa mjinga, mchu humficha binti kwao."

Kampuni ilimpa boti ya injini. Alikwenda Chula, akaingia nyumba hadi nyumba. Wanawake wa Chula walimpa chai na mkate wa mofa, wakamuuliza habari za Kismayo. Aliwauliza gari la barafu liko wapi. Wakamwonyesha bahari, kwa kuwa mshipi ulipita mbele ya milango yao na kuingia humo, na wao ni watu wakweli. Mukhtari alisimama ufukoni akauangalia ulivyozama majini. Akaupapasa. Ulitetemeka.

"Wamemficha chini," alisema. Akamaliza chai yake, akarudi Kismayo kuushika mshipi. Kule chini hakuna njia ya pili. Akisogea hatua moja, kidole kitamwambia.

Wiki ile Abdisalam alibisha hodi kwa Bi Mwanasiti. Alikuwa amevua viatu tangu nje.

"Edo," alisema, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, "na mimi nisukumie."

"Una kitu gani cha kuficha?"

"Wallahi sina kitu."

"Vyema. Hata choo kina mlango, na ndani hamna dhahabu."

Abdisalam alisimama pale na viatu mkononi. Lile ndilo jibu alilolitafuta. Alilirudia mara tatu asilisahau, akasema laiti angalilijua siku ile ofisini.

"Usiwaambie," alisema Bi Mwanasiti. "Wataweka chazo chooni. Lete gari."

Alimsukumia Abdisalam Jumatatu. Jumanne wakaja wawili, Jumatano watano. Aliwapokea kati ya adhuhuri na alasiri, kila mmoja na ndoo yake na jamvi lake. Aliwakataza kutukana mbele ya chazo, kwani yeye naye amefungwa na hakuomba. Hakupokea malipo. Dereva mmoja alimletea kanga, akaivaa. Hadi wiki ya tatu magari kumi na tisa ya kampuni yalikuwa baharini. Moja lilizunguka Chovai kila siku kama linalinda. Moja lilifika hadi Ras Kamboni, likakaribia mpaka wa Kenya na kugeuka, na meneja akamsifu dereva kwa kuheshimu sheria. Mwisho wa mwezi ofisi kuu ilituma barua ya pongezi: hakuna gari lililosimama ovyo, hakuna gari lililozidi mwendo, na tangu magari yaingie baharini hayajagongana hata mara moja.

Mjini mambo mengine yalianza kutokea. Madereva waliimba. Mmoja aliyekuwa hazungumzi na mkewe kwa simu tangu mishipi ije, alizungumza naye njia nzima hadi uwanja wa ndege, na kurudi. Mwingine alisimama kila siku kando ya barabara kwa muda na kutazama nje, bila sababu yoyote, kisha akaendelea.

Siku ya kadhi ilikuwa Alhamisi. Badi alimchukua Hafswa na Sabah kutoka Gobwen mapema, akampitia na mama yake, wakabanana wanne kiti cha mbele. Hafswa alivaa buibui lake jema. Uso wake ulikuwa wazi, kama anavyokwenda siku zote. Kulikuwa na joto, kioo kilikuwa chini, na mkono wake ulikuwa dirishani. Ulikuwa umeunga, lakini uliunga na kipinda.

Njia ya kwenda kwa kadhi ni moja, inapita mbele ya geti la kampuni. Pale getini wakakuta ngamia wa mtu wanavuka, kiasi cha thelathini, hawana haraka. Badi akakanyaga breki. Gari likasimama chini ya dirisha la ofisi, na Mukhtari alikuwa dirishani, mshipi namba saba vidoleni. Kati yao kulikuwa na hatua tano.

Badi aliangalia ngamia. Hafswa hakuutoa mkono dirishani. Bi Mwanasiti aliuona moyo wa binti yake ukipiga kwenye kitambaa cha buibui, akamwekea kiganja mgongoni.

"Baba," alisema Sabah.

Mukhtari aliinua kichwa. Alimtazama mtoto. Alimtazama Badi, akamtazama Bi Mwanasiti, akamtazama Hafswa kwa muda mrefu. Kisha akautazama mshipi, akafumba macho, akausikiliza. Mshipi ulisema Chula.

"Mama mkwe, asalamu alaikum," alisema.

"Wa alaikumu salaam, Mukhtari. Kazi?"

"Kazi njema. Nimempata binti yako."

"Yuko wapi?"

"Chula. Usinifiche, najua. Hainui mguu nisijue." Aliuinua mshipi kidogo awaonyeshe. "Leo anasubiriwa kwa kadhi, na sasa hivi yuko Chula analala. Hata akiondoka dakika hii kwa boti hafiki kabla ya alasiri. Mimi sijisumbui kwenda. Shauri litafutwa."

"Mwenyezi Mungu amlipe kila mchu kwa kazi yake," alisema Bi Mwanasiti.

"Amin." Mukhtari aligeuza macho kwa Hafswa, kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mke wa mtu. Akauona mkono. "Pole, dada. Umevunjika?"

"Mara mbili," alisema Hafswa.

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Pole sana. Majumbani kuna ajali nyingi."

Hafswa alimtazama. Kwa miaka sita alikuwa akimtazama mtu yule kwenye mikono, ajue inakwenda wapi. Sasa akamtazama usoni, polepole, kuanzia paji hadi kidevu. Moyo uliokuwa ukipiga kwenye kitambaa ukatulia. Mama yake aliusikia ukitulia chini ya kiganja chake.

"Ahsante," alisema Hafswa. "Nimepoa."

Ngamia wa mwisho alivuka. Badi akaondoa gari. Ofisini Mukhtari aliandika: saa mbili na dakika arobaini, gari namba saba, Chula, limesimama.

Kadhi alimwita Mukhtari kwa jina lake na la baba yake mara tatu, akangoja hadi karibu na adhuhuri, akamwita tena mara tatu. Hakuja mtu. Kadhi aliomba kuuona mkono. Hafswa akapandisha mkono wa buibui mpaka kiwiko, na kadhi akauangalia kile kipinda na kingine kidogo chini yake. Akasoma tena maelezo ya mganga aliyeufunga, akasikiliza mashahidi wawili waliokuwa majirani. Kisha akawaachisha Hafswa na Mukhtari kwa sababu ya madhara, na mtoto akawekwa kwa mama yake. Yote hayakuchukua muda wa kupika wali.

Karani alikuwa na fomu. Alijaza majina, akafika chini.

"Makazi ya mwanamke?"

Hafswa alimwangalia mama yake.

"Acha wazi," alisema Badi.

"Haiachwi wazi. Muhuri haugongwi."

"Mwanangu," alisema Bi Mwanasiti kumwambia karani, "ofisi ya barafu imeandika Chula. Imeandika kila siku, na saa. Sisi ni nani hata tushindane na daftari?"

Kadhi aliinua macho akamwangalia. Kisha akamwambia karani aandike Chula, na karani akaandika, akagonga muhuri.

Jioni ile ile yadini yalishushwa mapipa mengine ya buluu, arobaini, kwa ajili ya bajaj zote za mji na magari ya wagonjwa. Mukhtari alipandishwa cheo akawa mkubwa wa mishipi, akapewa kiti kinachozunguka na watu wanne chini yake, vijana wa visiwani, ambao alianza kuwafundisha kufumba macho. Habari ya talaka aliletewa Ijumaa. Alisema ni ya uongo, kwa kuwa mwanamke hakutoka Chula. Wale wazee wa baraza walisikia Hafswa ameachishwa, wakanywa chai, wakasema mnaona sasa, subira imemsaidia. Na mwanamke mwingine alipokuja kwao wiki ile na jino mkononi, walimwambia naye arudi nyumbani.

Gari namba saba lilitoka kwa kadhi adhuhuri. Bi Mwanasiti alishushwa msikitini, upande wa wanawake, asikose sala ya jamaa. Waliobaki waliendelea. Walikwenda barabara fulani, wakakata kona, wakasimama penye nyumba yenye mlango wa mbao na mti wa ndimu. Hafswa alishuka kwanza, akapokea magodoro, akapokea jiko. Mwenye nyumba aliwakaribisha. Badi alizima injini na akakaa akinywa maji, na hakuna mtu popote aliyekuwa akihesabu dakika.

Sabah aliteremka mwisho. Aliangalia mlango, akaangalia mti, akaangalia barabara upande huu na upande huu.

"Mama, hapa ni wapi?"

Hafswa alimwambia jina la mahali pale, kwa sauti yake ya kawaida.